Bi Daftari na Noti Kumi Mezani

Walimwita Bi Daftari kwa sababu hakuwa nalo. Wahudumu wengine wa mkahawa ule walizunguka na vijitabu mfukoni na kalamu sikioni, wakiandika nani kataka supu na nani kakataa chumvi. Yeye alisimama mbele ya meza ya watu wanane, mikono nyuma, akasikiliza mpaka wa mwisho, kisha akaenda kwenye kidirisha cha jikoni akamwaga maagizo yote kama alivyopewa. Hakukosea. Mpishi, ambaye hakuwa mtu wa kusifu hata chakula chake mwenyewe, alisema kichwa cha mwanamke yule kingefaa kuwekwa benki.

Siri yake haikuwa kubwa. Shule aliiacha mapema, na mwandiko wake ulikuwa wa konokono: utafika, lakini lini? Alipopandishwa kutoka kuosha vyombo hadi kuhudumia ukumbini, akiwa na miaka ishirini na minne, aliona haya kumsimamisha mteja mwenye njaa huku yeye akipigana na herufi. Akajizoeza kukariri. Kila mteja alimpa alama. Huyu wa miwani ni samaki, huyu wa tai iliyopinda ni kuku bila pilipili, huyu anayecheka kabla hujamaliza kusema ni supu. Haya ikageuka ufundi, na ufundi ukamjengea jina.

Mkahawa wenyewe ulikuwa mtaa wa maofisi, katikati ya duka la vifaa vya kuandikia na jengo la mawakili. Ulikuwa na meza kumi na sita, feni tatu ambazo moja haikuacha kulalamika, na mlango wa jikoni unaosukumwa kwa bega. Kwenye kaunta ya mbao alikaa mwenye mkahawa. Wote walimwita Bosi, ingawa waliomjua tangu enzi za marehemu baba yake walimkumbuka akikimbizana na paka chini ya meza hizo hizo.

Kazi alifundishwa na mhudumu mkuu wa wakati huo, mzee mkavu kama ukuni, mpole kama maji ya mtungini. Asubuhi kabla ya kufungua, mzee alimtembeza ukumbini akiwa na trei ya glasi sita zilizojaa maji, huku akimsemesha makusudi ili kumpoteza.

"Ukiiangalia trei, itamwagika," alimwambia. "Angalia unakokwenda, trei itakufuata."

Na siku moja, wakikunja vitambaa vya meza, alimpa sheria ambayo Bi Daftari hakuhitaji kuiandika popote.

"Mteja anakudai vitu vitatu, binti yangu. Chakula cha moto, sahani safi, na uso wa mtu. Wewe unamdai viwili: bei ya chakula na ubinadamu. Chochote kinachozidi hapo ni moyo wake. Usikitegee mkono kabla hakijatoka, na kikitoka usikidharau."

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Daftari aliiona mioyo ya watu ya kila namna ikitoka, au ikikataa kutoka. Kulikuwa na karani mmoja wa kike ambaye kila mwisho wa mwezi aliacha sarafu moja tu chini ya kisosi cha chai, akaondoka haraka kama aliyeiba. Kulikuwa na vijana wa ofisi waliokula kana kwamba kesho hakuna, kisha wakagombania bili nusu saa nzima, na katika ugomvi huo bakshishi ikayeyuka kama siagi. Kulikuwa na wakili asiyeacha hata senti, lakini aliyemuuliza mume wake hajambo na akasubiri jibu. Huyo Bi Daftari alimpenda kuliko baadhi ya waliotoa. Na kulikuwa na wale wa noti nene na mkono mrefu, waliodhani bakshishi hununua ruhusa ya kumshika mhudumu kiuno. Hao aliwahudumia akiwa upande wa pili wa meza, trei kifuani kama ngao.

Mara moja alimkimbilia mzee mmoja hadi nje, barabarani, aproni ikipepea, kumrudishia noti kubwa aliyoiacha mezani.

"Baba, nadhani umekosea. Hii ni kubwa kuliko bili."

Mzee akamtazama, akacheka mpaka machozi yakamlenga. "Sijakosea, mwanangu. Leo asubuhi nimepata mjukuu. Nilitaka mtu mmoja katika mji huu ajue."

Siku ile bakshishi iligawanywa kama kawaida, hadi kwa mwosha vyombo, maana Bi Daftari alisema sahani safi nayo ni huduma. Na kila aliyepokea fungu lake aliambiwa, "Ya mjukuu hiyo."

Basi hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi na kazi yake, kwa amani na kwa fahari, mpaka mwaka ambao Dereva alikuja.

Dereva alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mabega mapana kama kabati. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha malori ya masafa marefu, mpaka kampuni ilipouza magari yote na kuwapa madereva barua ya ukurasa mmoja na nusu. Alizunguka miezi minane akitafuta usukani mwingine. Alipokosa, akaja kuomba kazi ya uhudumu, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Bosi alimchukua kwa majaribio na kumkabidhi kwa Bi Daftari.

Mikono ile, iliyowahi kupitisha lori la tani ishirini kwenye daraja la mbao, ilitetemeka ikibeba kikombe cha chai. Sahani zilipiga kelele mikononi mwake kama meno ya mtu mwenye baridi. Wahudumu wenzake walimcheka kidogo. Bi Daftari hakumcheka. Alimtembeza na glasi sita.

"Dada, mimi nimezoea mzigo unaofungwa kamba," alilalamika Dereva, maji yakimtiririka kwenye viwiko.

"Huu nao utaufunga, kwa macho. Tazama mlango. Twende tena."

Wiki ya nne alikuwa anabeba sahani tatu. Aliwasalimu wateja kwa sauti ya chini, nzito, na alikuwa na tabia ya kuwaambia "safari njema" wakiondoka, hata kama wanakwenda jengo la pili tu. Watu walianza kumpenda.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, ukumbi umejaa mpaka ukutani. Mkandarasi mmoja wa majengo, mteja mkubwa, alikuja na wageni saba akachukua meza ya dirishani. Huyu ndiye aliyeagiza chakula cha watu sitini kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya ofisi yake, na Bosi alipomwona mlangoni alisimama mwenyewe kumvutia kiti. Miongoni mwa wageni alikuwemo mama mmoja mhandisi, mwenye nywele fupi zenye mvi, ambaye mkandarasi alionyesha wazi kwamba anataka kumfurahisha. Meza ilikuwa ya Dereva.

Dereva alipofika na menyu, mkandarasi alitoa kibunda, akahesabu noti kumi, akazipanga mstari mmoja mbele yake, kuanzia kwenye chumvi hadi kwenye glasi.

"Sikiliza, mkubwa," alisema kwa sauti ya kusikika meza za jirani. "Hizi kumi ni zako. Zote! Lakini kila ukikosea, moja inarudi mfukoni mwangu. Umeuelewa mchezo?"

Wageni wawili watatu wakacheka. Dereva hakujua acheke au anyamaze. Noti zile zilikuwa zaidi ya mshahara wake wa nusu mwezi.

Maji yakachelewa dakika moja, noti ikaondoka. Kijiko kikawekwa upande usio wake, noti ya pili ikaondoka, na mkandarasi akaipunga hewani kwanza ili kila mtu aione. Dereva akarekebisha kijiko, kiwiko kikagusa glasi, maji yakamwagika kiasi cha kujaza kiganja. "Lo! Ya tatu hiyo!" akapaza mkandarasi, na safari hii alicheka karibu peke yake.

Bi Daftari alikuwa kwenye kidirisha cha jikoni akipokea kuku wa meza ya tano. Aliona Dereva anakuja, uso umemshuka, mikono imerudia ule mtetemeko wa wiki ya kwanza.

"Dada, zimebaki saba."

"Saba nini?"

Akamweleza. Alieleza akiangalia sakafu, na hilo ndilo lililomuuma Bi Daftari kuliko mchezo wenyewe. Jitu zima, baba wa watoto, anaangalia vigae.

"Nikabidhi meza?" aliuliza Dereva. "Nimeshaiharibu."

"Hukabidhi chochote. Meza ni yako. Twende wote, wewe kulia, mimi kushoto. Na uangalie unakokwenda."

Alifuta mikono, akachukua kitambaa safi kutoka rafuni, akatembea taratibu kuvuka ukumbi. Alipofika dirishani aliwasalimu wageni wote, akawakaribisha. Kisha akaziokota zile noti saba moja moja, akalinganisha kingo zake, akazifunga ndani ya kitambaa na kukiweka kando ya mkono wa kulia wa mkandarasi, kwa mikono miwili.

"Samahani, bwana. Umesahau pesa zako mezani, na supu ya leo iko tayari. Zisije zikalowa."

"Sijazisahau," alisema mkandarasi. "Ni bakshishi ya huyu jamaa wako. Tunacheza kidogo."

"Nashukuru kwa niaba yake. Ila bakshishi ni asante, bwana, na asante huja mtu akishakula. Ikitangulia si asante tena, ni kamba."

Mkandarasi akaegemea kiti, akatabasamu tabasamu la mtu anayejua bei ya kila kitu.

"Mama, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Kuinama nimeinama sana," Bi Daftari alijibu, sauti yake haikupanda wala kushuka. "Miaka ishirini na miwili naokota vijiko vya wateja. Kesho nitaokota vingine, wala sitaona haya. Lakini hizi haziko mvunguni. Ziko juu ya meza, zimewekwa kama chambo, na huyu si samaki. Samaki yuko jikoni; ukimtaka, anakuja na limau."

Mtu mmoja alipaliwa na maji. Mama mhandisi akaangalia nje ya dirisha, mabega yakimtikisika. Mkandarasi hakucheka. Alimwita Bosi kwa kidole.

Bosi akaja mbio, jasho likimchuruzika kabla hajajua habari. Alipoelezwa, alimgeukia Bi Daftari.

"Mwombe mteja radhi. Sasa hivi."

"Nitaomba, Bosi. Niambie kosa lenyewe, nilitaje vizuri nikiomba. Chakula ni baridi? Sahani ni chafu? Nimemtukana?"

Bosi akamtazama mkandarasi. Mkandarasi naye akatafuta kosa akalikosa. Utafutaji ule ungeweza kudumu mpaka Jumamosi kama mama mhandisi asingeukata.

"Mimi naomba supu," alisema. "Nimesikia iko tayari, na nina njaa."

Basi wakaagiza. Mkandarasi, kwa hasira, alitaka angalau ushindi mmoja. Aliagiza kuku, akabadilisha kuwa samaki, akarudi kwa kuku lakini bila ngozi, viazi badala ya wali, kachumbari pembeni bila kitunguu. Bi Daftari alisikiliza mikono nyuma, na Dereva akasikiliza kando yake. Walipoondoka tu, mkandarasi akawahamisha wageni viti: wa kwanza kaenda mwisho, wa mwisho kaja katikati.

Chakula kilipotoka, Bi Daftari alibeba sahani nne na Dereva nne. Walipokaribia aliona viti vimechezewa. Hakusimama. Alimnong'oneza Dereva, "Usifuate viti, fuata nyuso," na sahani zikaanza kushuka: samaki kwa mwenye miwani, supu ya mboga na mkate kwa mama mhandisi, wali mkavu kwa kijana wa shati la mistari, mpaka kuku asiye na ngozi, viazi, kachumbari pembeni, hakuna hata harufu ya kitunguu. Sahani ya mwisho ilishushwa na Dereva. Haikutoa sauti hata kidogo.

"Karibuni chakula," alisema kwa sauti yake nzito, akiwaangalia machoni.

Kijana wa shati la mistari akapiga makofi, halafu akakumbuka ni mgeni wa nani, akaacha. Lakini makofi yalikuwa yameshaingia masikioni.

Mkandarasi alilipa bili yake kamili na kuondoka na noti zake zote, kitambaa amekiangusha sakafuni. Bi Daftari alikiokota. Kilikuwa cha mkahawa. Mama mhandisi alibaki nyuma ya wenzake, akasimama mbele ya Dereva na kumwambia, "Asante, kaka. Mwambie na mpishi." Chini ya kisosi chake aliacha bakshishi ya kawaida tu, si nyingi si haba, na Dereva aliipokea kama medali.

Jioni hiyo hiyo simu ikaja: chakula cha watu sitini kimefutwa. Bosi alipigwa na butwaa, kisha akapandwa na hasira.

"Umenifungia riziki!" alimwambia Bi Daftari mbele ya wote. "Nenda nyumbani. Nikikuhitaji nitakuita."

Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka kaunta, akatoka kwa mlango wa mbele.

Nyumbani kwake palikuwa vyumba viwili na kibaraza. Kibarazani ndipo mume wake, fundi viatu, alipokuwa na benchi lake, nyundo na makopo ya gundi. Viatu vya kazi vya mke wake, vyeusi visivyo na kisigino, alivibadilisha soli mwenyewe kila baada ya miezi minne; alisema hakuna mteja anayekula soli kama yule. Aliposikia mkasa wote aliuliza kitu kimoja.

"Ulifanya vizuri?"

"Nadhani."

"Basi kaa upumzishe miguu. Miguu hiyo haijapumzika tangu nikuoe."

Mama mkwe wake, aliyeishi nao, hakuwa mwepesi hivyo. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na kila jiwe alilolipata alilitupa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mwanangu, kazi ya kutumwa haina kiburi. Tajiri akicheza, unacheka, maisha yanasonga. Ulikuwa na haja gani ya kujibizana naye?"

"Mama, hakunichezea mimi. Alimchezea mwenzangu."

"Ndiyo maana nashangaa! Mwenzio mwenyewe kanyamaza."

Siku mbili za kwanza alitembea nyumbani kichwa juu. Siku ya tatu mashaka yakaanza kumtafuna kama panya: kazi ngapi ziko huko nje kwa mwanamke wa umri wake, mwandiko wa konokono? Siku ya nne mume wake alimkuta akipeleka chakula kibarazani na sahani tatu juu ya mkono mmoja, mgongo wima.

"Hiyo ni meza namba ngapi?" aliuliza fundi.

Wakacheka wote wawili mpaka mama mkwe akatoka kuuliza kuna nini.

Siku ya sita, asubuhi, Bosi alikuja mwenyewe. Hakukuwa na mahali pa kukaa isipokuwa kigoda cha wateja wa viatu, akakikalia, magoti yamemfika kifuani. Fundi aliendelea kugonga soli, taratibu.

"Hamjambo hapa," alisema Bosi.

"Hatujambo. Karibu."

Alizunguka kwa maneno kidogo, akasifu kibaraza, akasifu hali ya hewa. Mwishowe akatua mzigo.

"Tangu uondoke, watu wanaingia, wananiuliza uko wapi, wengine wanatoka. Wahudumu wananiitikia 'ndiyo Bosi' kwa namna ambayo afadhali wangenitukana. Mpishi amekuwa bubu. Juzi tulizidiwa, nikavaa aproni mwenyewe." Akajikuna shingo. "Nilipigiwa mluzi."

"Mluzi?"

"Mluzi, kama mbwa! Mtu ananipigia mluzi na kunionyesha glasi tupu. Ndani ya mkahawa wa baba yangu! Nikaenda nikamjazia. Halafu nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la viazi."

Fundi akaacha kugonga. Bi Daftari alijitahidi asicheke, akashindwa, na Bosi akacheka pia, ingawa macho yake yalikuwa mekundu.

"Miaka yote hii nimekaa kaunta," alisema, "nilidhani naona kila kitu. Nisamehe, mama. Rudi. Urudi kama msimamizi wa ukumbi, na mshahara wa msimamizi."

Bi Daftari alitoa masharti yake moja moja.

"Nitarudi. Lakini Dereva anaandikwa kazi ya kudumu. Bakshishi inabaki ya wafanyakazi, wote, pamoja na jikoni. Na pesa hazikai tena mezani kabla ya chakula, awe nani aliyeziweka."

"Nikiwaambia wateja hivyo watanielewa?"

"Usiwaambie wewe. Iseme menyu, ukurasa wa kwanza."

Bosi akatafuta kalamu. Fundi akampa kipande cha boksi la viatu, lakini Bosi alikuwa amesahau miwani, kwa hiyo fundi mwenyewe ndiye aliyeandika, ulimi umetoka pembeni, huku mke wake akitamka polepole, macho yake yakitazama mbali:

"Mgeni wetu, karibu. Mhudumu atakusalimu, tafadhali mwitikie. Tunakuahidi chakula cha moto, sahani safi na uso wa mtu. Tukikosea, tuambie, tutarekebisha. Bakshishi si deni wala si chambo. Ni asante, na asante huja baada ya kula."

Fundi alimsomea. Mke wake akarekebisha neno moja. Akasomewa tena.

"Hivyo hivyo," alisema.

Yakachapishwa hivyo hivyo. Asubuhi ya kwanza Bi Daftari aliporudi, Dereva alifungua menyu mpya, akasoma ule ukurasa mara mbili akiwa amesimama katikati ya ukumbi, halafu akaenda kufuta meza yake ya dirishani ambayo ilikuwa safi tayari. Oda ya watu sitini haikurudi, na mwezi wa kwanza Bosi aliugua hesabu. Lakini wiki ya tatu mama mhandisi aliingia na wenzake watano wa ofisini, akasoma ukurasa wa kwanza, akatafuta kwa macho mpaka akamwona Dereva, na akamsalimu yeye kwanza kabla hajaketi. Baada ya hapo walikuja kila Jumatano. Wateja wengine walicheka menyu ile, wengine wakainunia. Wengi walianza kuitikia salamu.

Na siku Bi Daftari alipopokea mshahara wake wa kwanza wa usimamizi, aliamua kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani: kwenda kula mkahawani, akiwa amekaa.

Jumapili mchana akamchukua mume wake na mama mkwe, wakaenda mkahawa mmoja upande mwingine wa mji ambako hakuna aliyemfahamu. Walivaa vizuri. Mama mkwe alipoketi tu, akaona mhudumu anapita, akainua mkono na kutoa sauti ya kuita paka: "Pss! Pss!"

"Mama," alisema Bi Daftari, akiushusha ule mkono kwa upole, "ngoja. Ametuona. Ana sahani tatu mkononi."

"Wewe unajuaje ametuona?"

"Ameshahesabu viti vyetu."

Kweli, mhudumu, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye macho ya uchovu, alirudi upesi na glasi tatu za maji. Aliwasalimu. Wakaitikia wote watatu, Bi Daftari akamuuliza habari za tangu asubuhi, na mhudumu akashtuka kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali pa ugenini. Chakula kilikuja na kasoro moja ndogo. Bi Daftari alimwambia kwa sauti ya chini, ikarekebishwa, yakaisha.

Walipomaliza, alijipatia raha aliyokuwa akiingoja mchana mzima. Alikunja bakshishi vizuri, akampa mhudumu mkononi na kusema, "Asante, dada. Umetuhudumia vizuri sana. Ile trei hukuitazama hata mara moja."

Mhudumu akamkazia macho. "Samahani, mama. Wewe si mwenzetu?"

"Ni mwenzenu."

"Si yule... si wewe uliyemkunjia mkandarasi pesa zake kwenye kitambaa?" Akashika mdomo. "Ni wewe! Sisi tuna maneno yenu ya menyu, tumeyabandika ukutani chumba cha kubadilishia nguo. Ngoja niwaite wenzangu."

Kabla Bi Daftari hajamzuia alikuwa ameshasukuma mlango wa jikoni kwa bega. Wakatoka wanne, mmoja bado na unga mikononi, wakampa mkono mmoja mmoja. Fundi viatu alikaa wima kama anayepigwa picha. Bi Daftari alihisi joto likimpanda mpaka masikioni, na hakuangalia chini.

Mama mkwe aliyatazama yote yale. Kisha akamvuta mhudumu kwa kiwiko.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema kwa sauti iliyofika meza ya tatu. "Nakaa naye nyumba moja. Miaka ishirini na miwili kazini, na hajawahi kuvunja hata kikombe!"

"Nimevunja, mama," alisema Bi Daftari. "Vinne."

"Vinne, basi," alisema mama mkwe bila kurudi nyuma hata hatua. "Vinne tu! Katika miaka ishirini na miwili!"